Ukuta Usiofika Kwenye Bati: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchagua Hedifoni za Muziki na Gemu

Mhusika wa kisa hiki ameridhia kiandikwe. Nimeondoa jina lake, mtaa anaoishi na mahali pake pa kazi, na nitamwita M. Mimi ni fundi wa amplifaya na spika jijini Mwanza, na sehemu ya kisa inahusu ushauri nilioutoa vibaya.

Usuli

M. ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ameajiriwa katika ofisi moja katikati ya jiji, na amepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita iliyojengwa kwenye kilima cha mawe. Aliyewahi kupanda mitaa hiyo ya Mwanza anaijua hali yake: ngazi za saruji zinazopenya katikati ya majabali, nyumba zilizokaa juu ya mwamba, na paa za bati zinazoshuka moja chini ya nyingine kuelekea ziwani. Chumba chake hakina dari, na ukuta unaokitenganisha na cha jirani unaishia usawa wa kenchi bila kufika kwenye bati. Ninayataja haya mwanzoni kwa makusudi, kwa sababu mimi mwenyewe niliyajua mwishoni, na kuchelewa huko ndiko kulikoharibu nusu ya kazi.

Kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba, aliyoiongezea kadi ya picha. Usiku hucheza gemu za kufyatuliana risasi pamoja na marafiki wanne walioko mikoa tofauti, wakizungumza kwa maiki muda wote wa mchezo. Asipocheza husikiliza muziki: dansi la zamani alilolizoea kwa baba yake, singeli, na kwaya. Kwa hesabu yake mwenyewe hedifoni hukaa kichwani mwake kama saa nne kila siku, yaani saa 28 kwa wiki, na hesabu hiyo ilikuja kuwa na uzito kuliko tulivyodhani.

Hedifoni alizokuwa nazo zilikuwa zile zinazouzwa kwa jina la gemu, zenye taa pembeni na maandishi ya 7.1 kwenye boksi, yaani madai ya sauti inayomzunguka msikilizaji kama ya spika saba na moja ya besi. Besi yake ilikuwa nene kiasi cha kufunika kila kitu, maiki ilivuma kama pangaboi, upande wa kulia ulikatika waya ulipoguswa, na ngozi bandia ya mito ilikuwa imeanza kubanduka na kuacha vipande vyeusi masikioni. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 400,000 ili apate kitu bora cha kutumia kwa kazi zote mbili.

Ununuzi wa kwanza

Kabla ya kunifikia M. alikuwa amekwisha nunua. Aliuliza watu swali moja tu, hedifoni zipi ni nzuri kuliko zote, akajibiwa kwa kutajiwa zile zisizo na waya, za Bluetooth, zinazofuta kelele za nje. Alizinunua kwa shilingi 320,000. Kwa muziki hakuwa na malalamiko hata kidogo, na ninamwamini, kwa sababu nilizisikiliza mwenyewe.

Gemu ndiyo iliyomshinda. Sauti inayopita kwenye Bluetooth ya kawaida hubanwa, hurushwa, hufunguliwa na kuwekwa akiba kidogo kabla ya kufika kwenye spika, na safari hiyo mara nyingi huchukua kati ya milisekunde 100 na 300 kutegemea vifaa. Mtu anayetazama filamu haoni tatizo, kwa kuwa programu ya video huichelewesha picha kidogo ili ilingane na sauti. Gemu haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu picha yake hutegemea kidole cha mchezaji. M. alikuwa akimwona adui amekwisha geuka ndipo anaposikia nyayo zake.

Jambo la pili lilimshangaza zaidi. Kila alipowasha maiki ya hedifoni hizo, sauti yote, pamoja na ya gemu, iligeuka ikawa kama ya simu. Hakuna kilichoharibika. Bluetooth hiyo ya kawaida ina njia moja ya muziki, ya pande mbili na yenye ubora, isiyobeba maiki, na ina njia nyingine ya mazungumzo, inayobeba maiki lakini kwa sauti ya upande mmoja, iliyochukuliwa kwa sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati CD huchukua 44,100. Ukifungua maiki, kifaa huhamia njia ya pili. Mnunuzi haambiwi hivyo dukani, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hana habari.

Alikaa nazo wiki tatu, kisha akamuuzia mfanyakazi mwenzake kwa shilingi 230,000. Hasara ilikuwa 90,000, na akiba yake ikabaki 310,000.

Siku aliyokuja kwenye benchi

Alikuja kwangu mchana wa Jumamosi. Nilimwomba alete nyimbo anazozijua kwa moyo, wala si nyimbo zangu za majaribio, kwa sababu sikio hutambua mabadiliko katika kitu linachokijua. Alileta tatu. Ya kwanza ilikuwa dansi la zamani lenye gitaa la solo, la kati na la besi, ambapo mtu akisikiliza vizuri huweza kuyafuata magitaa yote matatu bila kuyachanganya. Ya pili ilikuwa singeli, muziki unaokwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, kiasi kwamba spika nzito huunganisha ngoma zote zikawa mngurumo mmoja. Ya tatu ilikuwa kwaya, ambayo huanika mara moja hedifoni zinazopotosha sauti ya binadamu.

Nilimvalisha hedifoni zangu za nyumbani, za mgongo wazi, za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zikiwa zimechomekwa kwenye amplifaya yangu. Mgongo wazi maana yake nyuma ya spika kuna wavu badala ya kifuniko, hivyo hewa na sauti hutoka nje bila kurudi kugonga sikio. Matokeo yake ni sauti inayoonekana kukaa mbali na kichwa, pana, kama iliyo chumbani. M. alinyamaza wimbo mzima wa kwanza, kisha akasema, "Fundi, hapa nimemsikia mpiga besi kwa mara ya kwanza." Nilimwonyesha pia sehemu ya gemu iliyorekodiwa, na akaweza kuonyesha kwa kidole nyayo zilikotoka huku amefumba macho.

Hapo nilifanya makosa mawili. La kwanza ni la kiufundi: sikusawazisha kiwango cha sauti nilipozilinganisha hedifoni zangu na zake za zamani. Zangu zilikuwa na amplifaya nyuma yake na zilisikika kwa nguvu zaidi, na sikio la mtu, hata la fundi, hukiona bora kile kilicho juu kidogo hata kama tofauti ni ndogo mno kutambulika kuwa ni ya ukubwa wa sauti. La pili ni kwamba karakana yangu Jumamosi mchana, mlango ukiwa umefungwa, ni mahali pa kimya, na sikumuuliza chumba chake kikoje. Nilimwambia anunue za mgongo wazi. Ili asikosee tena, nikamwazima zangu kwa wiki moja. Ukarimu huo ndio uliotuokoa wote wawili.

Wiki moja ya majaribio

Usiku wa kwanza alinitumia ujumbe wa furaha. Asubuhi ya tatu jirani yake, mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi na kwa hiyo hulala mapema, alimsimamisha bombani akamuuliza, "Mwanangu, hivi usiku unaangalia vita gani?" Alikuwa amesikia kila bunduki. Hedifoni za mgongo wazi hutoa nje karibu sauti ileile inayoingia sikioni, na juu ya ukuta usiofika kwenye bati hapakuwa na kitu cha kuizuia. M. aliona aibu kubwa, kwani mama huyo ndiye humpokelea wageni akiwa kazini.

Siku ya tano ilinyesha mvua. Wasiowahi kulala chini ya bati tupu huidharau mvua kama chanzo cha kelele. Programu ya simu yake, ambayo haiwezi kuhesabiwa kuwa kipimo cha maabara, ilisoma zaidi ya desibeli 75, kipimo cha ukubwa wa sauti, katikati ya chumba. Hedifoni zilizo wazi huruhusu kelele hiyo iingie kama vile mtu hajavaa kitu. M. alipandisha sauti ya kompyuta mpaka 100, na bado dansi lake la zamani lilizama.

Hapa panahitaji hesabu kidogo, kwa sababu watu wengi huona maandishi ya omu kwenye boksi na kudhani kwamba namba kubwa ndiyo bora. Ukinzani wa hedifoni huamua kiasi cha nguvu zinazoweza kuvuta kutoka kwenye volti zilizopo: volti zikizidishwa kwa zenyewe, kisha zikagawanywa kwa omu. Tundu la kawaida la kompyuta tulichukulie kuwa linatoa volti 1 likiwa juu kabisa, ingawa mengi hayafiki hapo. Kwa omu 250 nguvu zinazopatikana ni miliwati 4; kwa omu 80 ni miliwati 12.5, kwa omu 32 ni zaidi ya 31. Hedifoni yenye wepesi wa desibeli 96 kwa miliwati 1, ikipewa miliwati 4, hufika desibeli 102 kwenye kilele. Namba hiyo inatisha, lakini ni ya kilele tu. Rekodi nyingi za dansi za zamani zimeachwa chini sana, na wastani wake unaweza kuwa desibeli 20 chini ya kilele, yaani karibu 82 kwenye tundu lililo bora, na pungufu ya hapo kwenye la M. Katika chumba kimya kiwango hicho kinatosha, hata kinazidi, lakini mvua ikipiga bati hakitoshi. Singeli, ambayo hurekodiwa kwa nguvu muda wote, haikumsumbua.

Alirudisha hedifoni siku ya saba. Hakunilaumu, lakini alisema kitu kilichonifanya nianze upya: "Fundi, hizi ni za mtu mwenye nyumba yake."

Uamuzi wa pili na sababu zake

Safari hii nilipanda mimi hadi chumbani kwake, nikakaa kwenye kiti chake saa mbili usiku, nikasikiliza kwanza chumba chenyewe. Redio ya chumba cha pili, mtoto, bodaboda zinazopanda kwa gia ya kwanza, na kompyuta yake yenye feni mbili. Swali likawa jingine kabisa: ni kitu gani kitazuia sauti isitoke, kizuie kelele isiingie, na kiendeshwe na kompyuta hii bila amplifaya.

Mgongo uliofungwa ulikuwa jibu la lazima. Tulipoteza upana wa sauti, na M. alilijua hilo tangu mwanzo, jambo lililosaidia baadaye asijione ametapeliwa. Kuhusu kufuta kelele kwa umeme, nilishauri asilipie. Ufutaji huo hufanya kazi vizuri zaidi kwa mvumo mzito wa kudumu, kama wa ndege au basi, na haufanyi vizuri vilevile kwa matone makali na sauti za watu, hali mto mzuri uliofunika sikio lote hupunguza hasa sauti hizo nyembamba.

Tulizungumzia pia zisizo na waya zinazotumia kifaa chake cha USB cha masafa ya gigahezi 2.4, ambazo ucheleweshaji wake ni mdogo sana ukilinganisha na Bluetooth. Kwa mchezaji mwingine ningezipendekeza bila kusita. M. alizikataa kwa sababu mbili: umeme ukikatika jioni betri hukosa chaji, na betri ya aina hiyo ikichoka baada ya miaka michache, kuipata ya umbo lilelile hapa mjini ni bahati. Waya uliokatika ninaweza kuuchoma risasi ndani ya nusu saa.

Kuhusu 7.1 alitaka kuambiwa ukweli. Hedifoni karibu zote zina spika mbili tu, moja kila sikio, kama tulivyo na masikio mawili. Mwelekeo ubongo huupata kwa njia nyingine: sauti hufika sikio moja kabla ya jingine kwa muda usiofika hata milisekunde 1, kichwa huifunika upande wa pili, na mikunjo ya sikio huibadilisha kutegemea inatoka mbele, nyuma au juu. Gemu za kisasa hukokotoa mambo hayo zenyewe na kuyatuma kwa pande mbili za kawaida. Windows nayo ina kikokotoo chake cha bure, Windows Sonic, tangu mwaka 2017. Kosa ni kuwasha viwili kwa pamoja, kwa kuwa sauti iliyokwisha kokotolewa ikikokotolewa tena hupotea njia. Ndivyo ilivyokuwa kwenye kompyuta yake: gemu ilikuwa inakokotoa, na programu ya hedifoni za zamani ilikuwa inakokotoa juu yake. Tulizima ile ya juu, na hata zile hedifoni mbovu zikawa na nafuu papo hapo, bila senti moja kutumika.

Mwisho, tulitenganisha maiki na hedifoni. Hedifoni zenye maiki huigawa bei moja kati ya vitu viwili, na maiki ikifa umebaki na kitu nusu. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ya aina wanayotumia vijana wanaorekodi video kwa simu, ingetosha kwa mazungumzo ya gemu.

Tuliishia kwenye DT 770 Pro ya Beyerdynamic. Modeli hiyo hutengenezwa kwa omu 32, 80 na 250, na mtu akinunua kwa jina tu anaweza kujikuta na asiyoitaka. Tulichagua ya omu 80. Mtengenezaji anaieleza kuwa hupunguza kelele za nje kwa takriban desibeli 18, na mito yake ni ya kitambaa cha mahameli, ambacho katika joto letu huvumilika kuliko ngozi bandia na hakibanduki. Ubaya wake niliusema wazi: waya wake wa mita 3 hauchomoki, na sauti zake za juu, hasa maeneo ya kilohezi 8, zimenyanyuliwa kiasi cha kuifanya herufi "s" ichome.

Mzigo kutoka Dar es Salaam

Mpya zilizidi uwezo wake. Tulipata zilizokwisha tumika kwa muuzaji mmoja Kariakoo, kwa shilingi 280,000. Kati ya Mwanza na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na kutuma fedha za kitu ambacho hakuna mtu wetu aliyekiona ni jambo nisilomshauri mtu yeyote. M. ana mjomba anayeishi Dar. Tulimwomba aende, nami nikawa naye kwenye simu.

Mjomba alitaka kwanza kujua kwa nini vifuniko vya masikio vinauzwa bei ya mbuzi wanne. "Mpwa wangu, hii redio yenyewe iko wapi?" aliuliza, na M. akalazimika kumweleza taratibu kwamba redio ni kompyuta, nayo iko Mwanza. Baada ya hapo alifanya kazi vizuri kuliko vijana wengi. Alisoma maandishi ya omu yaliyochapwa kwenye hedifoni yenyewe badala ya yale ya boksi. Alipiga wimbo huku akipinda waya karibu na pini na pale unapoingia kwenye kikombe cha kushoto, ili kama kuna mkatiko usikike. Alisikiliza upande wa kushoto peke yake, kisha wa kulia. Sauti nzito ya hezi 50 niliyomtumia ili asikilize kama kuna mkwaruzo hakuifanya, kwa kuwa duka lilikuwa na kelele. Alilipa, akaufunga mzigo, akaukabidhi kwenye basi.

Ulipofika nilifanya lile jaribio lililorukwa, na upande wa kushoto ukakwaruza. Moyo wa M. ulishuka. Nilibandua mto na sponji iliyo chini yake, nikapiga tochi: unywele mmoja mfupi ulikuwa umelala juu ya kiwambo, ule utando wa spika unaotikisika, na kila besi ilipokisukuma kiwambo, unywele uligonga. Niliutoa kwa kibano. Ninakaa juu ya jambo hili dogo kwa sababu nimeona watu wakitupa hedifoni nzima wakidhani spika imepasuka.

Gharama zote zilikuwa hivi: hedifoni 280,000, adapta ya USB 35,000, maiki 30,000, mzigo 10,000. Jumla 355,000, na M. akaongeza 45,000 kutoka kwenye mshahara. Adapta ya USB haikuwa kwenye mpango. Tulipochomeka hedifoni kwenye tundu la mbele la kompyuta, tulisikia mlio mwembamba uliobadilika kila alipotikisa mausi. Waya unaotoka kwenye ubao mkuu hadi tundu la mbele hupita katikati ya vurugu zote za umeme ndani ya kesi. Adapta ndogo iliyo na chipu yake ya kugeuza namba kuwa sauti huikwepa njia hiyo, na mlio ukakoma.

Matokeo baada ya miezi mitatu

Jirani hasikii kitu. Nilimwomba M. amuulize moja kwa moja badala ya kukisia, akamuuliza, na akajibiwa kwamba vita vimekwisha.

Mvua ikinyesha, M. anapandisha sauti kidogo tu. Tulipima kwa namna ya kifundi, maiki ya kipimo ikiwa ndani ya mto, na sauti yake ya kawaida ilikuwa chini kidogo ya desibeli 80. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu: 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10. Kwa saa zake 28 yuko ndani ya kikomo. Kama angebaki na mgongo wazi na kuusukuma juu ya kelele za chumba kile kila usiku, angekipita kabla ya Ijumaa.

Sauti za juu zilimchosha kama nilivyotabiri. Tuliweka Equalizer APO, programu ya bure ya Windows, tukashusha desibeli 5 kwenye kilohezi 8, na baada ya hapo akaacha kuvua hedifoni kila nusu saa. Upana wa sauti ni mdogo kuliko wa zangu, na bado huutaja. Mwelekeo wa nyayo, kushoto na kulia, anaupata bila shida. Mbele na nyuma hukosea mara kwa mara.

Kitu ambacho hatukukitarajia ni nyimbo zenyewe. Nyingi alizichota kwenye video na kuzigeuza kuwa faili ndogo, na hedifoni mpya zilianika matoazi yanayosikika kama maji yanayochemka. Amelazimika kuzitafuta upya moja moja, na bando analolitumia kwa kazi hiyo halikuwa kwenye bajeti yetu.

Uchambuzi

Ununuzi wa kwanza haukushindwa kwa sababu hedifoni zilikuwa mbaya. Mfanyakazi mwenzake bado anazitumia kwa furaha akiwa kwenye daladala. Zilishindwa kwa sababu nusu ya matumizi ya M., mchezo wenye maiki, haikutajwa kwenye swali. Wa pili ulikaribia kushindwa kwa sababu yangu, nami nilikuwa na ujuzi wote uliohitajika: ninajua sauti hutoka kwenye mgongo wazi, ninaijua mvua ya Mwanza, na nimeishi kwenye chumba kisicho na dari. Nilichokosa ni kuuliza, nikauacha uso wa mteja aliyefurahi usimame badala ya majibu.

Nililaumu pia, kwa muda, zile omu 250. Nikitazama nyuma naona nilizionea. Katika chumba kimya zingemtosha. Kelele ya chumba ndiyo iliyoamua sauti iwe juu kiasi gani, na kiasi hicho ndicho kilichoamua nguvu zinazohitajika na pia usalama wa masikio. Watu hulinganisha hedifoni kwa spika na jina la mtengenezaji, wakati katika nyumba zetu nyingi desibeli 18 za mto mzuri zina faida kubwa kuliko tofauti yoyote ya spika.

Kutenganisha maiki kulifanya kazi nusu. Sauti ya M. ni safi kuliko zamani, lakini maiki ya kola husikiliza pande zote, na marafiki zake walianza kumjulisha jogoo wa jirani amewika mara ngapi. Sasa anatumia kitufe cha kubonyeza anapotaka kusema. Vilevile nilisahau kwamba maiki za simu zina pini ya mikato mitatu, isiyofanya kazi kwenye tundu la maiki la kompyuta ya mezani bila kigawanyio. Adapta ya USB ilikuwa na tundu linaloikubali. Tulipona kwa bahati.

Lililofanya kazi kuliko yote ni ile wiki ya kuazima. Dakika ishirini za benchi zilinipa jibu lisilo sahihi, na siku saba za chumbani zikalisahihisha kabla ya fedha kutoka.

Yaliyobaki

Maiki bado ina mvumo mdogo, unaopungua kila M. anapogusa chuma cha kesi ya kompyuta. Hiyo ni dalili ya kawaida ya nyumba isiyo na waya wa ardhini, na nilipofungua soketi niliukuta haupo. Mwenye nyumba alikubali fundi umeme achimbie chuma cha ardhini. Fundi alijaribu sehemu mbili nyuma ya choo, na kote mbili alifika kwenye jiwe kabla ya chuma kuzama futi mbili. Mwamba, hata ukigongelewa chuma, haupitishi umeme vizuri kama udongo wenye unyevu. Ameahidi kurudi kujaribu upande wa chini, penye migomba.